Ferguson ya Babu: shajara ya kuseti kabureta, Marangu hadi Kahe

Trekta lenyewe ni Ferguson TEA20 ya petroli, silinda nne, lile dogo la kijivu. Jamii hii ya TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya laki tano. Babu alilinunua likiwa limeshatumika kwenye shamba kubwa la kahawa, akalilipia kwa fedha za kahawa yake mwenyewe kwa misimu mitatu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kiko Marangu, mlimani Kilimanjaro, migomba na kahawa, na huko trekta halina kazi. Kazi yake ni shamba la chini, Kahe, ekari sita za mahindi na maharage.

Mwaka jana lilianza kukosa nguvu. Fundi mmoja alikaa nalo wiki mbili, akachukua shilingi 80,000, likarudi likiwa na moshi zaidi ya lilivyokwenda. Safari hii naifanya kazi mwenyewe, na ninaandika kila hatua ili mwenye trekta la aina hii asipitie nilikopita. Lengo ni kulima kabla masika haijaanza.

Jumamosi, 6 Januari 2024: hali ilivyo kabla sijagusa kitu

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwenye trekta hili inaning'inia chini ya manifoldi (bomba la kuingilia injini) na inavuta hewa kutoka chini kwenda juu. Petroli inainuliwa na mvuto wa hewa tu. Mvuto ukipungua kidogo, petroli haipandi. Kumbuka hilo, litarudi mbele.

Yetu ina skrubu tatu za kuseti. Ya kwanza inazuia mlango wa hewa usijifunge kabisa, na hiyo ndiyo inayoamua kasi ya sailensa, yaani injini ikinguruma yenyewe bila resi. Ya pili ni ya mchanganyiko wa sailensa. Ya tatu, iliyo chini ya bakuli la petroli la kabureta, ni sindano ya jeti kuu, tundu linalopitisha petroli ya kazi nzito. Si kabureta zote zina hii ya tatu, kwa hiyo angalia yako.

Kabla ya kugusa nilihesabu. Unafunga skrubu taratibu hadi ikae, ukihesabu mizunguko, unaandika, kisha unairudisha ilipokuwa. Usikaze ikishafika mwisho. Ncha yake ni laini, ukiilazimisha inajichora pete, na baada ya hapo haitaseti vizuri tena. Nilikuta hivi:

Skrubu ya mchanganyiko wa sailensa: imefunguliwa mizunguko 3 na robo.
Sindano ya jeti kuu: imefunguliwa nusu mzunguko tu.

Moja iko wazi mno, nyingine karibu imezibwa. Mtu alikuwa anakimbiza tatizo kwa bisibisi.

Dalili nazo zilipingana. Ikiwa sailensa inatoa moshi mweusi, maana yake petroli imezidi. Lakini hata injini ikiwa ya moto inataka choki (kibanio cha hewa) nusu ndipo iende sawasawa, maana yake petroli imepungua. Ukiliwekea resi ya kati linapanda na kushuka, kama mtu anayehema. Likishikwa na plau linakufa. Nilitazama orodha hiyo nikasema ni kabureta tu, haijasetiwa. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilinigharimu wiki nzima.

Jumamosi, 13 Januari: nilianzia mwisho

Asubuhi, nyumbani Marangu, niliwasha injini, nikaipa dakika kumi na tano, nikaanza kuseti kwa masikio. Baada ya nusu saa ilikuwa inanguruma vizuri hivi kwamba jirani alikuja kutazama. Nikateremka nalo gia ya nne, Himo hadi Kahe, halikukohoa hata mara moja. Baba alitangulia kwa daladala, tukamkuta amekaa chini ya mwembe.

Raundi ya kwanza ya plau ilikwenda vizuri. Ya pili likaanza kukata pumzi. Ya tatu likazima katikati ya shamba. Nikasubiri kama dakika kumi, likawaka, likalima hatua mia moja, likazima tena. Nikaingia chini na bisibisi. Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena, labda mara kumi, na kufikia saa nane mchana sikujua tena skrubu ipi iko wapi.

Baba alikuja akasimama juu yangu. "Mwanangu," alisema, "hilo lina kiu. Wewe unamminya koo mtu mwenye kiu."

Sikumwelewa siku ile. Jioni nilipotulia niliona mambo mawili.

La kwanza ni gavana, kifaa kinachoshika kasi ya injini isibadilike. Trekta likiwa halina mzigo, hata ukivuta mkono wa resi hadi juu, gavana anaufunga mlango wa hewa karibu wote, kwa sababu injini haihitaji nguvu kushika kasi ile. Petroli inayotumika hapo ni kidogo mno, na sehemu kubwa inapita njia ya sailensa. Jeti kuu haijafanya kazi yake bado. Plau ikiingia ardhini ndipo gavana anafungua, na ndipo jeti kuu inapoulizwa maswali. Kwa hiyo nusu saa yote ya asubuhi nilikuwa naseti sehemu ambayo haihusiki na kulima.

La pili ni mwinuko. Nyumbani tuko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na shamba la Kahe liko kama mita 700. Hewa ya Kahe ni nzito kuliko ya Marangu kwa takriban asilimia 7. Injini ileile, skrubu zilezile, ukishuka inapata hewa nyingi zaidi na petroli haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Mchanganyiko uliokuwa sawa nyumbani unakuwa mwepesi shambani, yaani petroli imepungua. Tofauti hiyo peke yake isingezima injini, lakini ikikutana na matatizo mengine inayasukuma.

Gharama: petroli lita 10, 32,000, kijana wa kusaidia, 10,000.

Jumapili, 14 Januari: kiu

Baada ya ibada niliyafuata maneno ya baba. Nilichomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, nikaweka chupa ya nusu lita, nikafungua koki ya tangi. Ilianza vizuri, ikapungua, ikaishia matone. Nusu lita ilichukua dakika 3 na sekunde 40, na mwishoni ilikuwa imekaribia kusimama kabisa.

Nikafungua kifuniko cha tangi. Kikavuta hewa kwa sauti, "fsss", na petroli ikaanza kutiririka upya kwenye chupa.

Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa. Mwezi wa tisa nililipaka trekta rangi mpya, nikapaka na kifuniko, na rangi ikaziba tundu. Tangi likawa linajinyonga lenyewe. Hii ndiyo sababu lilikuwa linazima baada ya muda na kuwaka tena likipumzika: katika zile dakika kumi hewa ilikuwa inapenya taratibu kupita ukingoni. Nimeandika jambo hili kwa urefu kwa sababu yule fundi wa mwaka jana hahusiki nalo. Ni mkono wangu.

Nilizibua tundu kwa sindano ya kushonea, kisha nikashusha kile kikombe cha kioo chini ya tangi. Ndani kulikuwa na tope la kutu na maji kiasi cha kijiko. Wavu wa koki nao ulikuwa umevaa utando wa kahawia. Nilisafisha vyote, nikakata gasketi mpya ya kikombe, nikabadilisha mpira uliokuwa umeanza kupasuka ndani. Nilipopima tena, nusu lita ilijaa kwa sekunde 55.

Kipimo hiki cha chupa hakina gharama. Kifanye kabla ya kushika bisibisi, na kifanye mara mbili, kifuniko kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi.

Gharama: mpira, 4,000, gasketi ya kikombe, 2,000.

Jumamosi, 20 Januari: moto wa plagi

Kifupi, kwa sababu hapa hakukuwa na miujiza. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Platini, zile ncha zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi, zilikuwa zimeliwa, upande mmoja kilima na mwingine shimo. Nilinunua plagi, platini na kondensa mjini Moshi, nikafunga na kuseti nafasi zake, nikahakikisha waya zimepangwa 1-3-4-2. Ile misi ya kila mara, yaani silinda kuruka moto, ikaisha. Moshi mweusi ukabaki, na kule kuhema kukabaki.

Trekta za aina hii ndizo alizofika nazo Edmund Hillary, yule mpanda mlima wa Everest, kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958. Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba letu linashindwa raundi tatu za Kahe kwa sababu ya uzee. Kuna kitu, na kinaonekana ukikitafuta.

Gharama: plagi nne kwa 7,000, jumla 28,000, platini na kondensa, 25,000.

Jumamosi, 27 Januari: kufungua kabureta

Niliivua yote, nikaitandaza kwenye sinia jeupe juu ya meza, nikapiga picha kila hatua. Sinia jeupe lina maana yake: vipo vikolokolo vidogo kama punje ya ulezi, na ukifungulia kwenye nyasi umevipoteza.

Niliyoyakuta:

Boya, ambalo mafundi huliita floti, limeingia petroli. Ukilitikisa sikioni unasikia maji yanacheza. Boya zito halipandi vya kutosha kuifunga ile sindano ya kuingizia mafuta, bakuli linajaa kupita kiasi, na petroli inafurika. Huo ndio moshi mweusi wa sailensa. Na ndiyo maana chini ya mdomo wa kuingizia hewa kulikuwa na doa la petroli kila asubuhi.

Jeti kuu imetobolewa. Tundu lake halikuwa duara, lilikuwa na kidomo upande mmoja. Mtu alilisafisha kwa waya wa chuma, au alilipanua kwa makusudi akitafuta nguvu. Ndipo nikaelewa kwa nini sindano ilikuwa imefungwa hadi nusu mzunguko: walipanua tundu, petroli ikazidi, wakaibana kwa sindano. Jeti haichokonolewi kwa waya. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia, ipulize kwa kompresa, na kama uchafu umeng'ang'ania tumia unywele mgumu wa brashi au kipande cha mshipi wa kuvulia samaki.

Boya nililitengeneza mwenyewe, na mara ya kwanza nililiharibu. Utaratibu ni huu. Unalizamisha kwenye maji ya moto, mbali kabisa na jiko, na mapovu yanakuonyesha tundu lilipo. Petroli ya ndani inageuka mvuke na kutoka. Unaliacha hadi liwe kavu kweli. Mimi nililiacha siku tatu, kwa sababu ukiweka moto wa lehemu kwenye boya lenye mvuke wa petroli linaweza kukulipukia usoni. Kisha unaziba kwa lehemu.

Jumatano nikaziba. Ili niwe na hakika nikaweka lehemu ya kutosha, kilima kizuri kinachong'aa. Nikafunga kabureta, nikafungua koki, na petroli ikamwagika kwenye mdomo wa hewa vilevile. Nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu. Lehemu nayo ina uzito. Nilikuwa nimetoa uzito wa petroli, nikaweka uzito wa risasi.

Alhamisi nilikwenda mjini kwa sonara mmoja nikamwomba mizani yake ya dhahabu. Gramu 31. Nikapiga tupa palepale kwenye ngazi za duka lake, nikipima kila baada ya muda, hadi gramu 28 na nusu, lehemu ikabaki utando tu. Nikalizamisha tena kwenye maji ya moto, halikutoa povu. Ningelipima likiwa kavu kabla ya kulehemu ningejua uzito wake wa haki. Wewe pima.

Usawa wa petroli bakulini niliukagua kwa mpira wa dripu. Unafunga mpira huo unaoonyesha ndani kwenye tundu la chini la kutolea mafuta, unausimamisha ubavuni mwa kabureta, unafungua koki. Petroli inapanda mpirani hadi usawa uleule wa bakuli. Inatakiwa isimame chini kidogo ya ncha ya bomba la kunyunyizia. Yangu ilipitiliza, nikakunja ulimi wa boya kidogo sana, nikapima tena. Mara nne hivi, hadi ikakaa.

Gharama: dawa ya kusafishia, 12,000, lehemu, 3,000, kompresa, 2,000.

Jumamosi, 3 Februari: kusubiri

Niliagiza kutoka Uingereza seti ya gasketi, sindano ya boya na kiti chake, na jeti kuu mpya. Ilinifikia kupitia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, 165,000 pamoja na usafirishaji. Nilijaribu kwanza kuokoa fedha kwa kuziba jeti ya zamani na kuitoboa upya. Sikuweza. Tundu la jeti si kipenyo tu, kina pembe yake ya kuingilia na kutokea, na vidrili tulivyo navyo vinapasua shaba badala ya kuikata. Nilipoteza siku nzima.

Jumamosi, 10 Februari: hewa ya wizi

Jeti mpya, boya zima, usawa sahihi. Moshi mweusi umeondoka kabisa. Lakini kule kuhema kumebaki, panda shuka, panda shuka, na bado linataka choki kidogo.

Nilimfuata mzee mmoja wa Himo ambaye alifanya kazi ya matrekta tangu ujana wake. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza jambo moja tu: "Umeinyeshea sabuni?"

Nilikuwa sijafanya hivyo. Unachanganya maji na sabuni ya unga kwenye chupa ya kupulizia, injini ikiwa sailensa, unapuliza kila kiungo baina ya kabureta na injini. Palipo na ufa povu linanyonywa ndani na sauti inabadilika. Wapo wanaopuliza petroli kwa kazi hii. Usifanye. Kwenye trekta hili njia ya hewa na njia ya moshi zimekaa bega kwa bega, na ile ya moshi ni ya kuunguza.

Povu lilinyonywa mahali pawili. Pa kwanza ni uso wa kabureta unapokutana na manifoldi. Mtu alikaza boliti mbili kwa nguvu hadi masikio ya uso yakapinda, na katikati kukabaki mwanya ambao karatasi ya daftari inapita. Nilitandika msasa juu ya kioo cha dirisha, nikausugua uso huo kwa mwendo wa namba nane, nikigeuza kila baada ya muda ili usiliwe upande mmoja. Saa moja na nusu. Sasa unakaa kwenye kioo bila kucheza.

Pa pili ni ekseli ndogo ya mlango wa hewa. Miaka sabini ya gavana kufungua na kufunga imeyala matundu yake hadi ekseli ilikuwa inacheza juu na chini. Hewa ilikuwa inaingilia hapo bila kupita kwenye jeti, ikipunguza ule mvuto unaoinua petroli. Gavana anasikia injini inalegea, anafungua, inapata nguvu, anafunga, inalegea tena. Ndiyo ile pumzi ya kupanda na kushuka. Na sasa zile dalili zilizopingana zikaeleweka: boya lilikuwa linazidisha petroli, ekseli ilikuwa inazidisha hewa, na bisibisi lilikuwa linajaribu kuwapatanisha.

Fundi mchongaji wa mjini alipanua matundu na kuchonga bushi mbili za shaba. Za kwanza zilibana mno, mlango ukawa unakwama wazi, jambo la hatari kwa sababu gavana hawezi kuushusha. Akazisugua hadi mlango ukaanguka kwa uzito wake wenyewe. Hicho ndicho kipimo, usipokee kazi kabla hujakiona.

Gharama: bushi, 30,000, karatasi ya gasketi, 5,000, msasa, 3,000.

Jumamosi, 17 Februari: kuseti, Kahe

Leo ndiyo siku ya skrubu, wiki sita baada ya kuanza. Sikuseti chochote nyumbani. Nilianza na sailensa mzunguko 1 na nusu, jeti kuu mizunguko 2, yaani petroli imezidi kidogo kwa makusudi, nikateremka.

Shambani tulilipasha moto dakika ishirini. Sailensa kwanza: nilizungusha skrubu ya mchanganyiko taratibu upande mmoja hadi injini ikayumba, nikakumbuka mahali, nikarudi upande wa pili hadi ikayumba tena, nikaiacha katikati, kisha nikashusha kasi kwa ile skrubu ya kuzuia mlango. Usikariri upande wa kuzungusha. Kwenye kabureta nyingine skrubu hii inapunguza petroli, kwenye nyingine inapunguza hewa, na masikio hayadanganywi na tofauti hiyo. Iliishia mzunguko 1 na robo.

Kisha plau, gia ya pili. Mdogo wangu akiendesha, mimi nikifuata kwa miguu pembeni, mbali na magurudumu. Mwisho wa kila raundi tunasimama, nafunga robo ya mzunguko, tunaanza tena. Kuseti trekta likiwa linatembea ni kutafuta kifo.

Mizunguko 2: moshi mweusi mwembamba, nguvu ipo.
1 na robo tatu: moshi umekwisha.
1 na nusu: hapa ndipo sauti ilipobadilika. Baba alinyanyua kichwa chini ya mwembe.
1 na robo: kwenye udongo laini halina neno, lakini tulipofika ile sehemu ya udongo mweusi mzito likapiga chafya kwenye kabureta na kupoteza kasi. Huo ndio mpaka.

Nikarudi 1 na nusu, nikaongeza thumni moja ya mzunguko, kwa sababu injini inayofanya kazi na petroli pungufu inaunguza vali. Raundi moja nzima yenye mzigo, kisha tukabana klachi na kuzima hapohapo bila kuliacha lisimame sailensa. Plagi zilitoka rangi ya biskuti, zote nne, dalili kwamba mchanganyiko uko sawa.

Baba akaomba apande. Ana miaka sabini na tisa na goti lake halikunji. Tulimsaidia kupanda, akasukuma gia kwenye S, nafasi ya kuwashia, likawaka, akalima raundi mbili akitazama mbele tu, mkono mmoja kwenye usukani. Aliposhuka aligusa boneti mara moja kwa kiganja, kama unavyomgusa ng'ombe aliyekamuliwa.

Gharama: petroli lita 12, 38,000.

Jumapili, 18 Februari

Nimelirudisha Marangu. Huku juu sailensa imekuwa nzito kidogo, yaani petroli imezidi, inataka kufungwa kama thumni. Sijaigusa. Trekta hili halilimi Marangu. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu nikachora mstari kwenye kila skrubu na mwili wa kabureta, ili mtu akigusa ionekane.

Jumapili, 25 Februari: ekari sita

Ijumaa na Jumamosi tumelima zote. Lita 58, yaani chini kidogo ya lita 10 kwa ekari, plau ya majembe mawili, udongo wa mchanganyiko. Halikuzima hata mara moja likiwa na mzigo.

Lililobaki: ukilizima mchana jua likiwa kali, ukakaa robo saa kula, linawaka kwa taabu. Kabureta iko jirani na manifoldi ya moshi, na nadhani petroli inachemka bakulini injini ikisimama. Nimekata kinga ya bati jembamba, nimeiweka katikati yao ikiwa na nafasi pande zote mbili.

Jumla ya gharama tangu 6 Januari: 359,000. Humo sijahesabu petroli ya kulimia wala zile 80,000 za mwaka jana.

Jumamosi, 2 Machi

Kinga ya bati inasaidia. Kwa jua lilelile linawaka jaribio la pili, bila choki. Koki naifunga kila nikizima, hata kwa dakika tano.

Jeti ya zamani, ile iliyotobolewa, nimeitia kwenye kiberiti na kuifunga kwa uzi, iko kwenye sanduku la spana chini ya kiti. Juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino: "Isirudishwe."